Ratili Kumi na Tatu

Tuliisikia kabla hatujaiona, na siku ile hatukuiona kabisa. Ukungu wa mwisho wa masika ulikuwa umeilalia Njombe tangu alfajiri, na ndani ya ukungu huo kitu kilikuwa kinanguruma kama mashine ya kusaga iliyopandishwa juu na kusahauliwa huko. Nilikuwa uani kwa bwana, nikipiga pasi mashuka. Baba alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akiinua uso kutazama kule kusikoonekana kitu. Kuku walijikusanya chini ya banda la kuni. Ngurumo ilikwenda upande wa Mjimwema, ikarudi, ikapita juu ya paa mara mbili, kisha ikafifia kuelekea kaskazini.

"Kakosa pa kutua," baba akasema. "Atakwenda Makambako. Kule ardhi inakauka upesi."

"Nani?"

"Bwana. Nani mwingine mwenye wazimu wa namna hii?"

Akacheka. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu siku zilizofuata hakucheka tena mbele yangu.

Bwana huyo alisimamia shamba kubwa la miwati, ile miti inayochunwa magome ya kutengenezea ngozi. Baba alikuwa mpishi wake kwa miaka kumi na minane, nami, niliyekuwa nimefika umri wa kuoa bila kuoa, nilikuwa dobi wake. Jioni ile alirudi kwa lori kutoka Makambako, matope hadi magotini, amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Amenunua ndege. Ndogo, akasema, ya mtu mmoja wa kuiendesha na mmoja wa kukaa, na nyuma nafasi ya mizigo. Baada ya majuma mawili angekwenda nayo Ludewa kutazama ardhi ya kupanda miwati, apige kambi siku tano. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Kwa miguu asingekwenda tena, uzee umeanza.

"Mimi nataka kambi kama zamani," akamwambia baba. "Kiti, bafu, kitanda, yote. Wewe najua."

Ni kweli, baba alijua. Siku za wapagazi aliongoza mizigo thelathini na hakupoteza hata kijiko. Watu walidhani kazi yake ni kupika, lakini yeye aliniambia mara nyingi kuwa raha ya kambi haitoki kwenye sufuria, inatoka kwenye kamba. Mtu akifika amechoka hataki vitu ishirini, anataka kimoja: kiti. Kisha birika. Kisha maji ya moto ya kuogea. Kitanda atakikumbuka baadaye. Kwa hiyo baba alifunga kambi kinyumenyume. Kitanda cha turubai kilitangulia kuingia, na kiti kikawa cha mwisho, juu kabisa, kikishikiliwa kwa fundo ambalo mkono wenye baridi uliweza kulifungua. Nilipokuwa mdogo nilidhani fundo lile ni maarifa ya siri. Nilipokua nikaona ni huruma tu, huruma ya mtu anayejua uchovu wa mwingine kuliko anavyojua wake.

Siku tatu baada ya ngurumo ile, msafiri aliyekuja kwa miguu alileta barua kutoka Ludewa. Shemeji yangu alikuwa ameandika kwa penseli. Dada anaumwa kifua, hali yake imekuwa mbaya, anayetaka kumwona asichelewe. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti la kanisani, ambalo hakulivaa siku za kazi.

Lazima nieleze lililokuwa kati yao. Baba alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Miaka sita kabla, dada aliolewa na seremala Mkatoliki, akafunga ndoa misheni kwao, na baba hakwenda. Asubuhi dada alipokuja kuaga, baba alisimama kizingitini akamwambia kuwa hatamwona mlangoni kwake maisha yake yote. Alisema "mlangoni kwako", nilimsikia. Dada alivuta khanga yake, akaondoka. Tangu siku ile jina lake halikutajwa mezani. Mama alilitaja shambani, peke yake, akipalilia viazi.

Sasa baba alitaka kwenda kulifuta neno lile kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuniambia hivyo. Alimwambia mama, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete.

"Barua haitoshi?" mama aliuliza. "Mwandikie. Mwanao anajua kusoma."

"Sikulisema kwa barua."

"Basi tembea."

"Kwa goti hili? Nitafika kuzika."

Goti lake la kulia lilikuwa limemalizwa na safari za bwana. Njia iliyobaki ilikuwa ile ndege.

Siku ya kwanza ya kupima, bwana alitupeleka kwenye ghala la magome. Mizani ilikuwa ile ya kupimia mafungu ya magome, yenye bamba la chuma lililolainishwa na miaka. Alikuwa na karatasi yenye hesabu ya uzito ambao ndege inaweza kuubeba ikipanda kutoka Makambako, kule juu, penye hewa nyepesi. Tulipima hema. Tulipima kitanda, godoro, chandarua, beseni la turubai, karabai, sanduku la vyombo, sanduku la chakula. Kisha bwana akaonyesha bamba kwa kidole.

"Na wewe."

Baba alivua kofia kabla ya kupanda, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Wachunaji waliokuwa wakipakia lori walisimama kutazama.

"Mpishi, leo unauzwa!" mmoja akapaza sauti.

"Hilo gome limekauka," mwingine akajibu. "Daraja la tatu."

Walicheka. Baba alisimama wima, mikono kwenye mapaja, macho kwenye ukuta. Bwana alisogeza kijiwe cha mizani, akaandika, akajumlisha, akatikisa kichwa. Ratili kumi na tano zimezidi. Akanipandisha mimi. Nilikuwa mwepesi kuliko baba kwa ratili kumi na sita.

"Basi," bwana akasema, "dobi atakwenda. Kupika kidogo anaweza."

"Bwana," baba akasema, "nipe siku kumi. Nitapunguza."

"Bafu hapana kupunguza."

"Bafu halitaguswa, bwana."

Nilitaka kusema mbele ya bwana kwamba kuna mgonjwa Ludewa. Baba alinikazia macho. Njiani nilimuuliza kwa nini afiche.

"Bwana akijua nina mgonjwa kule atasema moyo wangu hauko jikoni. Atakuchukua wewe, na atakuwa na haki."

"Basi niende mimi. Nitamweleza dada."

"Wewe ulimkosea nini?"

Akanitangulia, akichechemea.

Siku zile kumi ndizo zilizonifundisha kuwa kufunga mizigo ni kazi ya akili. Baba aliondoa masanduku yote ya mbao, kwa kuwa mbao ni uzito usiolalika wala kulika. Alishona mifuko ya turubai kuukuu. Mlango wa mizigo wa ndege ni mdogo, bwana alikuwa ameuchora kwenye karatasi, na mfuko hujikunja mahali ambapo sanduku hukwama. Sufuria ziliingia moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ndogo kabisa akaweka chumvi, majani ya chai na viberiti vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye nta. Vikombe vilivikwa soksi za bwana. Mayai yalizikwa kwenye mchele. Mto wa manyoya ya bata uliachwa. Foronya ilikwenda tupu, ikangojea kujazwa sweta huko huko. Karabai ilimwagwa mafuta hadi tone la mwisho, kwa sababu bwana alisema mafuta ya taa yakivuja angani chakula chote kitanuka, nasi tutafuata. Vigingi vya hema viliachwa pia. Ludewa kuna miti.

Kilichomsumbua ni mpangilio. Bwana alikuwa amemweleza kuwa vizito vikae mbele, karibu na viti, la sivyo ndege itainua pua na kukataa kuruka. Maana yake kiti nacho, kwa kuwa ni kizito kuliko matandiko, kingetangulia kuingia na kufukiwa chini yake. Baba alichora umbo la ndege kwa mkaa kwenye sakafu ya stoo akafunga na kufungua kambi ile ndani ya mstari, mara tatu, nne. Siku ya tano akapata njia: kiti kilikunjwa kikalazwa ubavuni, kirefu, kutoka mbele hadi mlangoni, miguu yake ikitokeza nje ya vyote. Ukishika miguu na kuvuta, kinatoka peke yake. Alikaa chini akakitazama muda mrefu. Katika siku zile zote hapo tu ndipo nilipoona uso wake umelegea.

Tukapima tena kwenye mizani ya duka. Ratili nne zilikuwa zimepungua. Zilibaki kumi na moja, na hakukuwa na kitu kingine cha kuacha.

Sikujua mara moja alichokuwa ameamua. Kazini kwake mtu hula jikoni, hakuna anayemhesabu. Nyumbani alisema amekula kwa bwana. Kwa bwana alisema atakula nyumbani. Mama ndiye aliyegundua, kwa mkanda. Baba alikuwa ametoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Jioni moja mama alimwekea ugali na maharage, akakaa mbele yake kama askari.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Moshi? Mzee wewe, unataka kupanda ndege au unataka kupaa bila ndege?"

"Zimebaki sita," baba akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kuni. "Ninaweza."

Mama akaondoka, akarudi na kifuko cha unga wa ulezi, mwekundu, wa shamba letu. Kwetu mzazi haendi kwa mtoto mgonjwa na mikono mitupu. Uji wa ulezi wa nyumbani ndio unaompa mgonjwa nguvu za kumeza kingine. Alikiweka mbele yake karibu na ugali.

Baba alikiinua, akakipima kwa kiganja. Viganja vyake vilikuwa mizani nzuri.

"Ratili mbili," akasema. "Basi ni nane."

Sikumwelewa, mama alimwelewa. "Utajikata nyama yako mwenyewe ubebe unga?" akasema. Alianza kulia kwa hasira, akimwita mkaidi, akisema ukaidi huo huo ndio uliomfukuza binti yake, na sasa unataka kumleta nyumbani kwa njia ya njaa. Baba alikivuta kifuko kwake. Alifunga mdomo wa kifuko kwa fundo lake lile la kufunguka upesi. Kumi na moja zilizozidi na mbili za unga, ratili kumi na tatu kwa jumla, zote za kutoka mwilini mwake. Nililala nikizihesabu.

Sasa ninajiuliza kwa nini sikwenda kwa bwana. Ningeweza. Ningesema, bwana, acha bafu, mchukue mzee, ana binti anayekufa. Pengine angekubali, hakuwa mtu mbaya. Lakini katika nyumba yetu neno la baba lilikuwa limezoea kutoguswa, na sisi sote tulikuwa tumezoea kulizunguka kama jiwe katikati ya ua.

Tuliondoka Njombe na lori kabla ya jua, mizigo ikiwa imefunikwa, mimi na baba juu yake. Manyunyu yalitupiga njia nzima. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani, nalo lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Alishika kifuko cha unga mapajani. Sikuwa nimemtazama kwenye mwanga kwa siku kadhaa, na kulipopambazuka karibu na Makambako nilitamani kusingepambazuka. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Baba, kula hata kipande cha mkate. Safari imefika."

"Bado hatujapimwa."

Uwanja wa Makambako ulikuwa nyasi zilizofyekwa, kibanda kimoja cha bati, mapipa ya petroli, na upepo. Ndege ilikuwa imefungwa kwa kamba ardhini, nyeupe, ndogo kuliko sauti yake. Bwana alitoka kibandani akatusalimu, akafungua mlango wa mizigo. Baba akaanza kupakia. Hakutaka nimsaidie. Hema likaingia, kitanda, chakula. Kiti kikalala ubavuni kama alivyopanga. Bwana alivuta miguu yake, kikatoka chote, akapiga makofi.

"Mpishi! Wewe kwisha zidi fundi wa ndege!"

Baba alitabasamu. Akainama kuchukua mfuko wa sufuria, akaunyanyua hadi kifuani, na hapo magoti yote mawili, lile bovu na lile zima, yakakataa. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi tu kwenye nyasi, mfuko mapajani. Jasho lilikuwa linamtiririka katika baridi ile.

Bwana alimkaribia. Alimtazama machoni, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Wewe iko gonjwa."

"Hapana, bwana. Ni baridi."

"Siku ngapi?"

"Si mgonjwa, bwana. Nipime. Nimepungua. Ndege itaweza."

"Mimi naona wewe nakwisha pungua," bwana akasema polepole, na sauti yake ilikuwa na wema, ndiyo maana iliniuma. "Mtu gonjwa hapana kwenda kambi. Kule hapana daktari karibu. Wewe rudi na lori, lala, kunywa supu."

Hapo Makambako hakukuwa na mizani. Bwana alikuwa ameamua tangu mwanzo kuamini neno la baba kuhusu mizigo, na mwili wa baba aliupima kwa macho tu. Zile ratili zilizotoka kwenye mbavu zake hakuna aliyezipima.

"Bwana," nikasema, "ana binti yake Ludewa—"

"Nyamaza," baba akasema.

"—anaumwa sana."

Bwana alitugeukia mmoja baada ya mwingine. Akatazama mawingu yaliyokuwa yakifunguka upande wa kusini, na yasingekaa wazi muda mrefu. "Kwa nini wewe hapana sema?" alimuuliza baba. Baba hakuwa na jibu linaloweza kusemwa kwa lugha waliyokuwa wakizungumza wao wawili. Bwana alivua koti lake la mvua akamfunika mabegani. "Mimi hapana chukua mtu nakufa kwa ndege. Kijana nakwenda. Naona dada yake."

Nilichuchumaa mbele ya baba. Nilimwambia sitakwenda, nitarudi naye.

"Nani atamtolea bwana kiti?" akasema. Kisha akaninyooshea kifuko cha unga. "Uji usiwe mzito. Anapenda mwepesi. Alikuwa anapenda."

"Na neno?"

Alitazama nyasi. Mara tatu aling'oa jani akalitupa, na kila mara nikadhani sasa. Mwishowe akasema upesi, kama mtu anayetema kitu cha moto: "Mwambie nimemsamehe." Akajifunika uso kwa koti la bwana.

Kuhusu kuruka sina la kusema. Nilishika kifuko cha unga na kufumba macho. Tulipotua Ludewa nilivuta kiti, nikachemsha birika, nikasimamisha hema, nikajaza bafu. Bwana aliketi akanyoosha miguu, akasema ni kama zamani. Akanipa ruhusa hadi saa ya chakula.

Nyumba ya shemeji ilikuwa mteremkoni, ya matofali mabichi, milango yake mizuri kwa kuwa alikuwa seremala. "Kamwene," alinisalimu kwa lugha ya nyumbani, akatazama nyuma yangu, njia nzima, hadi ilipopinda.

Ndani dada alikuwa ameketishwa kwa mito. Alikuwa mdogo sana ndani ya gauni lake. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kilichotandikwa kitambaa kilichofumwa.

"Tulisikia ndege," akasema. "Nikasema wanipangusie kiti. Yuko nje?"

"Hakuja. Aliishiwa nguvu Makambako."

Alinyoosha kitambaa cha kiti kwa vidole. Nilimweleza yote, mizani, mkanda, nyasi. Shemeji alipokea unga akaupeleka jikoni. Nilieleza kwa urefu kwa sababu niliogopa kufika mwisho. Nilipofika, nikasema: "Alisema nikwambie amekusamehe."

Dada alijiinua kidogo kwenye mito.

"Amenisamehe nini?"

Kikohozi kilimshika, kikamtikisa, kikamwacha. Alipopata pumzi alisema, bila hasira, "Kujinyima hakumshindi baba. Amejinyima mengi. Kusema ndiko kunamshinda."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimesikia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mengine nilikuwa nimemwekea mwenyewe."

Akageuza uso ukutani. Saa ya chakula cha bwana ilikuwa inakaribia. Niliinuka nikagusa mguu wake juu ya blanketi, nikaona jinsi usivyokuwa na uzito. Sikukalia kile kiti. Shemeji alinisindikiza hadi kizingitini. Upepo wa bondeni ulikuwa unaingia ndani, na mgonjwa hakupaswa kupata baridi, kwa hiyo hatukuagana kwa maneno mengi. Nilishuka ngazi mbili za mawe, na nyuma yangu nikasikia mlango ukifungwa.